Gwaride Lipo Tayari

Shule ya Sekondari Nyamisoko,
Serengeti.
11 Agosti 2024

Kwa Baba mdogo Swaleh,

Assalaam aleykum, na shikamoo. Mimi ni mzima, ni mafua tu ya vumbi la huku. Natumaini wewe na Bibi hamjambo hapo Tarime, na ile cherehani iliyokuwa inakata uzi imetengemaa. Baba akishuka kutoka kwenye biashara yake Sirari mwambie godoro alilonunua ni zuri, wenzangu wananionea wivu.

Simu haziruhusiwi hapa. Na hata zingeruhusiwa, wewe na mimi tunajua. Katika ukoo wetu hakuna wanaokata simu haraka kama sisi wawili. Kwa hiyo naandika, maana kwenye karatasi kigugumizi hakinipati.

Baba mdogo, nina shida. Mwaka huu shule imeanzisha mafunzo ya uongozi na ukakamavu kwa kidato cha tano chote, wasichana na wavulana. Anayetufundisha ni Afande Mniko, sajenti mstaafu, mtu mrefu ambaye hata akiomba chumvi mezani unataka kusimama wima. Alfajiri tunakimbia mchakamchaka mpaka karibu na barabara ya Busawe. Jioni ni kwata: mguu pande, mguu sawa, nyuma geuka. Hayo yote nayaweza. Miguu yangu haina kigugumizi.

Lakini siku ya kwanza alitupanga uwanjani, kila mtu apige hatua mbele, aseme jina lake na anakotoka. Zamu yangu ilipofika nilikwama kwenye jina langu mwenyewe. Nilifungua mdomo na ile "U" ikagoma kutoka. Kuna mvulana wa Kerende, anaitwa Waitara, alimwambia mwenzake kwa sauti, "Mura, hii redio imepoteza mawimbi!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Afande hakucheka wala hakumkaripia. Alinisubiri mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Anayefuata."

Sasa tumeambiwa kila mwanafunzi atasimama mbele na kutoa amri kwa kikosi. Mbele, Baba mdogo, peke yangu. Nakuomba umwandikie mkuu wa shule nisamehewe. Sema ni kifua, sema ni chochote. Baba nikimwambia atakuja mwenyewe na kelele zake, shule nzima ijue. Wewe utaelewa.

Naishia hapa, kengele ya chakula imegongwa.

Mwanao, Ummy Faridu

*

Tarime
1 Septemba 2024

Mwanangu Ummy,

Waaleykum salaam, marahaba. Barua yako ilizunguka. Kondakta wa basi uliyempa aliisahau kwenye koti lake, akaja nayo siku alipoleta koti nimshonee mfuko uliotoboka. Bibi hajambo, miguu tu inamsumbua asubuhi. Baba yako ni mzima na anamwambia kila mteja kwamba binti yake ni mwanajeshi. Sikumsahihisha.

Umefanya vizuri kuniambia mimi. Ndani ya bahasha hii utakuta barua ya mkuu wa shule, nimeandika kwamba una matatizo ya kifua. Mpelekee siku ambayo ana watu wengi ofisini, asije akakuuliza maswali.

Na mpaka hapo, fanya ninavyofanya. Kaa safu ya nyuma, katikati, si pembeni. Mtu akiuliza swali, inama ufunge kamba ya kiatu. Mimi hotelini nakula ugali kila siku, na watu wanafikiri naupenda. Nikijaribu kusema wali, mhudumu anaweza kuhudumia meza nzima ya pili akarudi akanikuta bado niko kwenye "w". Kwa hiyo ugali. Mtu anaweza kuishi vizuri sana hivyo, nina miaka mingi ya ushahidi.

Kazi ipo. Duka la tatu kutoka kwangu limefunguliwa na Rukaya, binti wa Mzee Dullah. Anauza vitenge na ananiletea wateja wa kushona. Ni mtu wa maneno machache. Bibi ameanza tena habari zake za mimi kuoa, nimemwambia kibanda changu hakina nafasi hata ya kiti cha pili.

Usihuzunike. Barua hiyo itamaliza mambo.

Baba yako mdogo, Swaleh

*

Nyamisoko
22 Septemba 2024

Kwa Baba mdogo Swaleh,

Shikamoo. Mafua yameisha. Poleni na jua, maana hata hapa nyasi zimekuwa kama karatasi. Mpe Bibi salamu, mwambie nakula.

Barua yako ya mkuu wa shule nimeipata. Bado iko sandukuni, sijaipeleka. Usikasirike kabla hujamaliza kusoma.

Ilichelewa, na kabla haijafika zamu yangu ya kutoa amri ilikuwa imefika. Usiku wake sikulala. Asubuhi nilisema naumwa tumbo, matroni akanipa dawa na kunirudisha uwanjani. Afande akasema, "Ummy Faridu, chukua kikosi." Nikaenda mbele. Waitara alikuwa safu ya kwanza, tayari amebana midomo asicheke. Afande akaja karibu yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Amri haisemwi, binti. Amri inavutwa. Ivute kutoka tumboni, kisha uikate."

Nikavuta. "Kikosiii... mguuu... sawa!"

Baba mdogo, ilitoka. Yote! Haikukwama popote. Na viatu vyote viligonga ardhi kwa pamoja, hata cha Waitara, kwa sababu nilisema mimi. Nikageuza kikosi kulia, nikakigeuza kushoto, nikakitembeza mpaka kwenye mashamba ya mahindi, na Afande ilibidi apige kelele nikirudishe.

Baadaye nilipotaka kumshukuru Afande nilikwama vilevile kwenye "asante". Kwa hiyo sijapona. Lakini nimeonja kitu, sijui nikieleze vipi. Naomba niendelee kidogo.

Rukaya ni yule aliyekuwa ameolewa Mugumu, mumewe akafariki? Anakuja kibandani kwako mara ngapi?

Ummy

*

Tarime
20 Oktoba 2024

Mwanangu Ummy,

Marahaba. Wote wazima. Mvua imeanza kidogo.

Nimesoma barua yako. Nafurahi kwamba siku hiyo ilipita salama. Lakini nakuonya kama mzazi. Wakiona unaweza kutoa amri watakupa cheo, na mwenye cheo huambiwa asimame aongee. Hapo hakuna kuvuta wala kukata, ni maneno ya kawaida, na watu wanakutazama mdomoni. Najua ninachosema na sitaki kueleza zaidi. Ile barua bado inafaa. Ipeleke.

Nina nguo nyingi za harusi za watu, niwie radhi kwa ufupi.

Swaleh

*

Nyamisoko
2 Februari 2025

Kwa Baba mdogo Swaleh,

Assalaam aleykum, shikamoo. Nilifika salama baada ya likizo. Ile sketi uliyonishonea imenitosha. Bibi apunguze chumvi, naomba msisitizie.

Likizo nzima nilikaa kibandani kwako nikikata nyuzi na kupiga pasi. Hukuniuliza habari za mafunzo, nami sikusema. Kila nilipotaka kusema ulikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi. Basi nakuandikia, maana karatasi haina pedali.

Mwezi wa kumi na moja tulikuwa na matembezi, kutoka Kenyamonta kuelekea Busawe, na mizigo mgongoni. Mimi nilipewa kuongoza seksheni, yaani kikundi kimoja cha kikosi, Waitara akiwa humo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Tulipofika kwenye kijito, maji yalikuwa mekundu na yanakwenda mbio. Waitara akasema tuvuke hapohapo, kuzunguka hadi darajani ni mbali na seksheni nyingine zitatushinda. Wengine wakaanza kuvua viatu. Nilitaka kusema "msivuke", na ile "m" ikanifunga midomo kama gundi. Waitara alikuwa tayari ametia mguu.

Sikujua la kufanya. Nikampita, nikakaa chini. Hapohapo kwenye matope, kwenye njia ya kushukia, na mzigo wangu mgongoni. Hakuna aliyeweza kupita bila kunikanyaga. Wakanishangaa. Eunice, rafiki yangu, akasema, "Nyamazeni, anataka kusema." Wakanyamaza. Nikasema, ilichukua muda wake, lakini nilimaliza: "Msivuke. Tunazunguka. Hata tukiwa wa mwisho."

Waitara alinung'unika mpaka darajani. Darajani tukamkuta mzee mchunga ng'ombe, akatuambia asubuhi hiyo kijito kile kimemchukua ndama wake mbele ya macho yake. Tulifika wa mwisho kweli. Usiku, kwenye chakula, alisimama mbele ya meza yetu akasema, "Ummy, siku ile ya kwanza nilikosea. Nisamehe." Kisha akakaa na ugali wake kwetu.

Sasa lenyewe. Mafunzo yatafungwa mwezi wa tano, wazazi wote watakuja. Afande amenichagua mimi kuwa kamanda wa gwaride. Nililijua tangu Desemba. Kamanda hatoi amri peke yake. Anatembea mpaka mbele ya mgeni rasmi, anapiga saluti, anasema: "Mheshimiwa mgeni rasmi, gwaride la wahitimu lipo tayari kwa ukaguzi wako." Hayo hayavutwi, nimeyajaribu. Nakwama kwenye "gwaride" kila siku.

Ile barua yako nimeichoma jikoni. Nisamehe. Nataka uje.

Mwanao, Ummy

*

Tarime
9 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba. Ramadhani karimu. Tumefunga wote, hata Bibi tuliyemkataza. Nashona kanzu za Idi usiku na mchana.

Barua yako nimekaa nayo siku nyingi. Nitakueleza kitu ambacho baba yako anakijua na hajawahi kukuambia, kwa sababu nilimwomba.

Kabla hujazaliwa nilichumbia Musoma. Mambo yote yalikwenda vizuri, mahari ilipokelewa. Siku ya ndoa nikakaa mbele ya shehe, ukumbi umejaa, nikaulizwa kama nimekubali. Neno moja, Ummy. Nimekubali. Likakwama kwenye "n". Watu wakaanza kukohoa. Mtu mmoja akacheka, na wengine wakamfuata. Kaka mmoja wa bi harusi akasimama akasema, "Huyu hataki, amelazimishwa. Hatumpi dada yetu mtu asiyemtaka." Nilikuwa namtaka. Nilijaribu kusema hivyo pia. Wakafunga mazungumzo, tukarudi Tarime na zawadi zetu kwenye gari.

Ndiyo maana nilikuandikia ile barua ya kifua. Nilikuwa naiandika kwa ajili ya yule kijana wa Musoma.

Sitakuja mwezi wa tano. Baba yako na Bibi watakuja. Mimi siwezi kukaa kwenye kiti nikakutazama umesimama pale. Mwombe Afande amri utoe wewe, na lile la mgeni rasmi aliseme mtu mwingine. Si aibu.

Kuhusu Rukaya, umeniuliza tangu Septemba. Anakuja kila siku. Hajawahi kunimalizia neno hata moja. Nimemaliza.

Swaleh

*

Nyamisoko
4 Mei 2025

Kwa Baba mdogo wangu,

Shikamoo, na salamu kwa kila mtu hapo, na leo sina subira ya salamu ndefu.

Jana tulifunga mafunzo. Baba atakuwa ameshakusimulia kwa makelele yake, lakini yeye alikuwa amekaa upande wa turubai, hakuona kila kitu. Nisikilize mimi.

Nilipopata barua yako nililia, nikamwonyesha Eunice, kisha nikaenda kwa Afande. Nilimwambia kama ulivyosema. Akaniuliza, "Wewe mwenyewe unataka nani aseme?" Nilikaa kimya muda mrefu, na safari hii haikuwa kigugumizi. Nikasema, "Mimi." Akasema, "Basi mimi kazi yangu ni kuwafundisha hawa wengine kusimama." Tangu siku hiyo kila jioni alituweka mguu sawa, nami nikatoa taarifa mbele ya kiti kitupu, na wao wakasimama mpaka nimalize. Siku nyingine nilichukua muda mpaka jua likazama kabisa. Aliyejikuna alirudia kukimbia uwanja.

Jana kulikuwa na watu wengi kuliko nilivyofikiri, wengine wamekuja na bodaboda kutoka Mugumu. Nilivaa kofia juu ya hijabu, imekaa sawa. Nikaliingiza gwaride uwanjani na ngoma za shule. Mgeni rasmi alikuwa ofisa mmoja kutoka wilayani, mama mwenye miwani. Akasimama jukwaani. Nikatembea kumwendea. Nikapiga saluti.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," nikasema, na hilo likapita. Kisha likaja lenyewe. "G." Na mlango ukafungwa.

Baba mdogo, nilisimama pale na mkono usoni na mdomo wazi. Niliona wazazi wakianza kutazamana. Mtoto mmoja akauliza, "Mama, mbona dada hasemi?" Yule ofisa akainama kidogo, akafungua mdomo anisaidie, na nikaona jicho la Afande pembeni yake likimwambia hapana. Akanyooka tena. Upande wa wazazi mtu akacheka kidogo.

Nyuma yangu hakuna aliyecheka. Hakuna aliyekohoa wala kusogeza kiatu. Nilikuwa siwaoni lakini niliwasikia, kama unaweza kusikia watu wasiofanya kelele. Kidato cha tano chote, walewale wa Agosti, wamesimama juani kama nguzo. Yule aliyecheka akasikia kicheko chake peke yake, akakimeza. Kisha wazazi nao wakaanza kunyooka kwenye viti vyao. Bibi akasimama kabisa, na miguu yake ile. Uwanja wote ukawa unanisubiri, na wala haukuwa na haraka. Nikaacha kuusukuma ule mlango. Nikavuta pumzi kama vile nina siku nzima.

"Gwaride la wahitimu," nikasema, "lipo tayari kwa ukaguzi wako."

Nilikwama tena kidogo kwenye "wako". Sikujali. Yule mama alinirudishia saluti, ingawa yeye si askari, na miwani yake ilikuwa imelowa. Akaniambia, "Nimeipokea taarifa yako, kamanda." Tukakagua safu zote. Nilipopita mbele ya Waitara, machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kidevuni na hakuinua mkono kuyafuta, maana alikuwa mguu sawa.

Tulipopita kwa mwendo wa haraka mbele ya jukwaa Bibi alipiga vigelegele mahali pasipo pake, akina mama wa Kikurya wakampokea, na kuanzia hapo gwaride likawa kama harusi. Afande alikasirika, au alijifanya. Baada ya kuvunja safu wavulana wa Kerende walinibeba juujuu. Baba alipiga kelele wanishushe, kisha akapiga picha.

Sijapona, nakwambia tena ili usifikiri ni muujiza. Jioni hiyo kwenye kuagana nilikwama kwenye jina la Eunice. Lakini sitaki tena safu ya nyuma, na wewe sitaki uwe huko. Wale watu wa Musoma hawakukusubiri. Si kila mtu ni wa Musoma.

Mitihani inaanza wiki ijayo. Niombee dua.

Mwanao, Ummy

*

Tarime
25 Mei 2025

Mwanangu Ummy, kamanda,

Marahaba, tena marahaba. Tunakuombea mitihani kila sala. Bibi anasimulia gwaride kwa kila anayepita, na mimi nimekaa kimya kwa sababu nina habari yangu na nilitaka uisome kutoka kwangu.

Barua yako niliisoma kibandani, nikasahau mteja amesimama. Nilipomaliza niliikunja, nikatembea mpaka duka la tatu, nikampa Rukaya aisome. Aliisoma akiwa amesimama, mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mtoto huyu ni hodari." Akaanza kukunja vitenge. Akavikunja vyote, akavikunjua, akasema tena bila kunitazama, "Na mimi si wa Musoma."

Ummy, nilirudi kibandani nikakaa. Nilijaribu kushona, nikashona mkono wa shati ndani nje. Jioni nikamwambia baba yako na wazee waende kwa Mzee Dullah. Walipokelewa vizuri.

Ndoa ilikuwa juzi Ijumaa, baada ya sala, nyumbani kwa Mzee Dullah. Hatukutaka kukutoa kwenye mitihani. Watu hawakuwa wengi lakini walitosha kunitisha. Shehe aliniuliza. Nikafungua mdomo, na "n" ikakaa palepale nilipoiacha miaka ile. Jasho likanishuka mgongoni. Baba yako alianza kuhangaika pale alipokaa, namjua, alikuwa anataka kunisemea. Mzee Dullah akamshika goti, akamwambia, "Faridu, tulia. Chakula bado kiko jikoni."

Basi wakatulia. Hakuna aliyekohoa. Nje jogoo aliwika, akawika tena, watoto wakafukuzwa mlangoni. Nami nikaiachia ile herufi ichukue muda wake, mpaka ikatoka, na zilizobaki zikaifuata moja baada ya moja. Nimekubali. Niliisema nzima, na shehe alipotaka kuendelea nikasema tena, "Nimekubali," kwa sababu nilitaka.

Vigelegele vilitoka chumba cha ndani kabla wanaume hawajaanza kupeana mikono. Baba yako alinikumbatia akanikanyaga mguu.

Baadaye walinipeleka kwa Rukaya. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia, nimeyafanyia mazoezi wiki nzima. Nikaanza la kwanza, likakwama. Rukaya alisubiri, akaniangalia, kisha akacheka, si kunicheka mimi, Ummy, alicheka kwa furaha tu. Akasema, "Swaleh, tuna maisha mazima ya kusema. Njoo kwanza ule, umechoka."

Sahani ilikuwa ya pilau, si ugali. Nilikula mbili.

Baba yako mdogo,
Swaleh